Kesi ya mwanafunzi wa zamani ikawa somo: Makerere na wanahabari wake

Kila matokeo ya sekondari yakitoka simu yangu haipumziki. Wazazi wanaoongea Kiswahili wa Arua, Jinja, hata Kampala hapa, wananiuliza, mwalimu, mtoto anataka kusoma uandishi wa habari, Makerere ndo yenyewe? Na ni nani mkubwa katoka pale? Mi nafundisha watangazaji na waandishi wa redio miaka mingi sasa, na nikiwatajia majina matupu naona sijawasaidia, kwa hiyo leo nieleze hayo majina yanashikana vipi.

Kozi ya mawasiliano ya umma ilianza Makerere mwaka 1988. Digrii ni miaka mitatu, hesabu mwenyewe, wa kwanza wametoka mwanzoni mwa miaka ya 90 na hapohapo nchi inafunguka: Julai 1992 gazeti la Monitor linazaliwa, mwisho wa 1993 redio binafsi za FM zinaanza kusikika Kampala, yaani vijana wanatoka darasani wanakuta milango iko wazi na wenye vyombo wanatafuta watu. Bahati ya wakati ile, ndugu zangu, msiidharau, kuna shule nzuri duniani zimetoa wanafunzi wazuri wakakosa pa kuandika.

Jina linalotajwa sana ni Andrew Mwenda. Alisoma kozi hiyo hapo Makerere, akaingia Monitor, na Septemba 1997 yeye na mhariri wake Charles Onyango-Obbo wakachapisha habari iliyotoka kwenye jarida la nje, kwamba Rais Kabila wa Kongo ameilipa Uganda kwa dhahabu. Wakashtakiwa kwa kuchapisha habari za uongo. Mahakama iliwaachia kwenye mashtaka yenyewe lakini wao hawakuishia hapo, waliipeleka sheria yenyewe mahakamani, wakashindwa Mahakama ya Katiba, wakapanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 11 Februari 2004 majaji wakafuta kifungu cha 50 cha sheria ya makosa ya jinai, kile kilichofanya kuchapisha habari za uongo kuwa kosa. Jaji Joseph Mulenga ndiye aliyeandika hukumu kuu, na hoja yake ukiielewa unaelewa uhuru wa habari wote: katiba inalinda maneno ya mtu hata kama mwingine anayaona ya uongo, yamekosewa au yanaudhi. Mi huwa naisoma polepole sana ile sehemu, wanafunzi wananyamaza kabisa.

Mwaka uliofuata Mwenda akakamatwa tena, safari hii uchochezi, sababu ya maneno aliyosema kwenye redio ya KFM baada ya John Garang, kiongozi wa Sudan Kusini, kufa kwenye ajali ya helikopta ya rais wetu. Akarudi mahakamani, na Agosti 2010 Mahakama ya Katiba ikafuta na sheria ya uchochezi. Kwa hiyo mtu aliyekaa kwenye madawati yale akisoma sheria za habari, leo jina lake ndo liko kwenye kesi wanayosoma wanaokaa kwenye madawati hayohayo. Unaweza usikubaliane na siasa zake (wengi hawakubaliani) lakini hilo halifutiki.

Upande wa walimu mi namuweka mbele Dokta Peter Mwesige. Alisoma Makerere, akafanya kazi magazetini, akaenda Marekani chuo cha Indiana kuchukua PhD, akarudi akaiongoza idara, baadaye yeye na wenzake wakaanzisha kituo cha ACME (African Centre for Media Excellence) cha kuwanoa wanahabari walioko kazini tayari. PhD yake ilihusu nini? Vipindi vya mjadala vya redio na ushiriki wa wananchi katika siasa. Wakati ule ekimeeza ilikuwa moto, watu wanajaa baa wanabishana siasa redio inarusha moja kwa moja, na neno lenyewe sikiliza vizuri, ni meza yetu hii ya Kiswahili imevaa Kiganda, meza kubwa. Serikali ilizipiga marufuku Septemba 2009 baada ya ghasia za Kampala, wakati CBS, redio ya ufalme wa Buganda, nayo inafungwa. Mwalimu kama huyo anayechukua kitu cha baa akakifanyia utafiti mpaka kikaheshimika chuoni, ndo mwalimu namtakia mtoto wako.

Mwingine ni Profesa Monica Chibita, alifundisha Makerere miaka mingi kabla ya kwenda Mukono, Chuo Kikuu cha Kikristo, akawa mkuu wa shule ya uandishi wa habari pale. Utafiti wake wa PhD ulihusu lugha za wenyeji kwenye utangazaji na raia anashiriki vipi, na hapo kwangu mimi wa Kiswahili ananigusa moyoni kabisa. Rosebell Kagumire naye katoka Makerere, ndiye yule aliyejirekodi video Machi 2012 filamu ya Wamarekani kuhusu Kony, yule kiongozi wa waasi wa LRA, iliposambaa, akasema watu wa kaskazini wameonyeshwa kama hawana sauti yao.

Sasa Onyango-Obbo yeye alipita Makerere lakini uandishi wa habari aliusomea Cairo, masta. Nalisema hili sababu sheria yetu ya 1995 inamtaka mwanahabari awe na digrii ya fani au digrii nyingine pamoja na mafunzo ya fani, na wazazi wanadhani mlango ni mmoja tu. Sio mmoja.

Mwezi jana niliwapa vijana wa redio zoezi, waieleze hukumu ya 2004 kwa Kiswahili, dakika mbili, bibi wa sokoni aelewe. Wote digrii wanayo. Kwa Kiingereza walimaliza haraka sana, kwa Kiswahili walikaa saa nzima wakibishana "kifungu kimefutwa" au "kimetenguliwa", na ni binti mmoja tu, wa Koboko, aliyeanza hivi: "Mama, zamani ungeandika jambo serikali ikasema ni uongo, ungefungwa." Nikamwambia asome hiyo hewani kesho yake asubuhi, akaisoma.