Je, wajua kwa nini damu ya kupima matende huchukuliwa usiku wa manane?

Wapimaji wa matende na mabusha wanaotumia hadubini huingia kijijini baada ya isha, na kazi yenyewe hupamba moto kuanzia saa nne usiku. Wanatoboa kidole, wanakamua matone machache, wanayapaka kwenye kioo. Mtu yuleyule akipimwa saa nne asubuhi kioo chake kinaweza kuonekana kitupu, ilhali usiku damu yake imejaa vijinyoo. Kwa watu waliokua wakisikia habari za mumiani, mgeni anayebisha hodi gizani akitaka damu si wa kupokewa hivi hivi. Lakini saa hizo amezipanga mnyoo.

Jina lake la kitaalamu ni Wuchereria bancrofti. Wakubwa huishi wamejisokota ndani ya mirija ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwilini kwenye damu, na jike anaweza kufika sentimita 10. Huzaa vitoto vyenye urefu wa robo milimita hivi na wembamba unaokaribiana na wa chembe nyekundu ya damu. Mirija ikiharibika, maji hukwama. Yakikwama mguuni ni tende, kwenye korodani ni busha.

Hapa lazima tuzungumzie madafu. Sehemu nyingi za pwani bado wapo wanaoamini kwamba mwanamume akizidisha kunywa madafu ataota busha. Imani hii haikuzuka bure. Mabusha yamekuwa mengi hasa penye minazi, Mafia, Unguja, Pemba, Tanga, Lindi. Tena, daktari anapolipasua busha, maji yanayotoka aghalabu huwa mepesi, ya manjano hafifu, na anayeyaona si rahisi asiwaze dafu. Ila mnazi na ugonjwa vinakutana kwa sababu pwani yenye joto na unyevu inamfaa mnazi na inamfaa mbu. Maji ya dafu yakinywewa hufyonzwa na utumbo kama maji mengine yoyote, na ya ziada hutoka kwa mkojo. Hayana njia ya kwenda kutuama kwenye korodani. Isitoshe, Burkina Faso haina hata kipande cha bahari, na matende na mabusha imeyajua vizuri.

Wala wazo la kwamba ugonjwa huu hunywewa halikuwa la watu wa pwani peke yao. Patrick Manson, daktari Mskoti aliyefanya kazi Amoy, kusini mwa China, mwaka 1877 aliwaacha mbu wamnyonye mtunza bustani wake aliyekuwa na vijinyoo damuni, kisha akawapasua mbu hao na kuona vitoto vinakua ndani yao. Ulikuwa ugunduzi mkubwa sana. Lakini Manson alidhani mbu akishataga hufia majini, na kwamba binadamu hupata mnyoo kwa kuyanywa maji hayo. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1900, pale daktari George Low, huko London, alipochunguza mbu waliotumwa kutoka Australia na kuwakuta vijinyoo ndani ya mdomo wenyewe. Sasa tunajua kwamba kijinyoo hukaa ndani ya mbu wiki mbili hivi, kikikomaa. Mbu akiuma, kinadondoka juu ya ngozi na kujipenyeza kupitia tundu lililoachwa. Vijinyoo vingi hufia hapo juu ya ngozi, na ndiyo maana kwa kawaida mtu huumwa na mbu mara nyingi mno, kwa miezi au miaka, kabla ugonjwa haujashika.

Mbu wanaoueneza kwetu, kuleksi wa vyoo vya shimo na maji machafu pamoja na anofelesi, huuma usiku. Kitoto kisichokuwa karibu na ngozi saa hizo hakina safari. Hivyo kati ya saa nne usiku na saa nane, vitoto hujaa kwenye damu ya pembeni. Mchana hujificha kwenye mishipa midogo kabisa ya mapafu, na Manson mwenyewe alikuja kuvikuta humo kwa wingi katika maiti ya mgonjwa aliyefariki asubuhi.

Vinajuaje kwamba usiku umeingia, na huko ndani ni giza siku zote? Nahodha aliyetia nanga horini hatazami saa, anatazama maji. Yakipwa, ngalawa inakaa. Yakijaa, anang'oa nanga. Maji ya kijinyoo ni tofauti ya oksijeni kati ya damu inayoingia mapafuni na ile inayotoka. Mchana, tukiwa kwenye shughuli, tofauti hiyo ni kubwa: maji yamepwa, vitoto vimeng'ang'ania mapafuni. Tukilala mwili hutumia oksijeni kidogo, tofauti inapungua, maji yanajaa, vitoto vinajiachia na kubebwa na damu. Frank Hawking, baba wa mwanafizikia Stephen Hawking, alikuwa miongoni mwa waliolijaribu jambo hili. Wagonjwa walipovutishwa oksijeni usiku, tofauti ilirudi kuwa kubwa na idadi ya vitoto kwenye damu ikashuka. Jinsi kijinyoo kinavyoihisi tofauti hiyo bado haijaelezwa ikaeleweka.

Na kawaida hii hugeuzika. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, daktari Stephen Mackenzie alimfanya mgonjwa mmoja wa London alale mchana na kukesha usiku. Baada ya siku chache vitoto vikawa vinatoka mchana.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba ratiba hubadilika kulingana na mdudu wa mahali. Samoa, ambako mbu mwenezaji huuma mchana, vitoto vya mnyoo huyuhuyu havipotei mchana. Katika misitu ya Afrika ya Kati, ikiwamo ya Kongo, kuna mnyoo wa jamaa hiyo anayeitwa Loa loa. Yeye huenezwa na nzi anayeuma mchana, na vitoto vyake hujaa damuni mchana.

Siku hizi kuna kipimo cha haraka kinachotambua alama za minyoo wakubwa kwenye damu saa yoyote. Damu ya usiku bado ina kazi yake, maana ndiyo inayoonyesha nani ana vitoto ambavyo mbu anaweza kuvichukua. Mara nyingi si yule unayemdhania. Mwenye tende kubwa huenda hana hata kimoja, na jirani yake asiye na uvimbe wowote akawa ndiye anayewalisha mbu wa mtaa mzima. Kwa sababu hiyo kingatiba ya ivermektini na albendazole, iliyoanza Tanzania mwaka 2000 kisiwani Mafia, hutolewa kwa jamii nzima, wagonjwa na wanaojiona wazima. Dawa hizo huvifagia vitoto, lakini wazazi wengi hubaki hai kwa miaka na kuanza kuzaa tena, ndiyo maana dozi hurudiwa kila mwaka.