Repo inayojisawazisha si bakapu

Wiki hii nimepigiwa tena, safari hii na kijana wa Masasi anayetunza programu ya mizani ya korosho ya chama cha ushirika. "Kaka, seva ya Mtwara si inavuta repo kila dakika 5? Bakapu ya nini tena?" Nimechoka kulijibu hili kwa simu. (Repo ni hifadhi ya msimbo wa programu pamoja na historia yake, inayotunzwa na Git.)

Kuutega usawazishaji ni kazi ndogo: `git clone --mirror` mara moja, kisha kroni (kipanga ratiba cha seva) iite `git remote update --prune`, na `flock` (kufuli) mbele yake ili zamu mbili zisikanyagane mtandao ukizorota. Mafaili ya LFS (yale makubwa yanayotunzwa kando) hayaji kwa njia hiyo. Yavute kwa `git lfs fetch --all`.

Sasa penye ubishi. Kwa `--mirror`, Git huandika kwenye usanidi `+refs/*:refs/*`. Ile alama ya kujumlisha inaamuru kwamba kilichobadilika kule kiandikwe na huku, hata kama kinafuta historia. Mtu akisukuma kwa nguvu (force push) na kuibomoa `main` (tawi kuu, yaani mstari mkuu wa kazi), dakika 5 hazipiti nakala yako nayo imebomoka. "Basi naondoa `--prune`." Hapana! Hiyo inahusu matawi yaliyofutwa tu. Lililoandikwa upya linafunikwa vilevile.

Komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) za zamani huwa bado zimo, lakini hazina jina, yaani hakuna tawi linaloziashiria, na repo ya namna hii kwa kawaida haiweki reflogi (kumbukumbu ya mahali matawi yalipokuwa). Watu hutegemea zile wiki 2 ambazo `gc`, usafi wa Git, husubiri kabla ya kufuta. Wiki hizo huhesabiwa kwa umri wa faili diskini, si tangu komiti ipoteze jina, kwa hiyo komiti ya mwaka jana inaweza kufagiliwa usafi ukipita tu.

Machi 2013 mradi wa KDE (watengenezaji wa programu huria) nusura upoteze repo zake zipatazo 1,500: mfumo wa faili wa seva kuu uliharibika, na seva zilizokuwa zikiinakili zikaufuata uharibifu. Waliponea seva moja iliyobaki na nakala nzima.

Je, tuiondoe ile alama ya kujumlisha? Bado nasitasita. Tawi lililoandikwa upya kihalali nalo litakataliwa, na msimu wa mnada chama hakina fundi wa kukaa analisuluhisha.

Ninachosimamia ni hiki: kila usiku `git bundle create` yenye `--all` (hufunga matawi yote na historia yake katika faili moja), jina la faili lina tarehe, linakwenda Lindi kwa ufunguo usioruhusiwa kufuta wala kuandika juu ya faili la jana. Kila Jumamosi tunaliklone faili mojawapo na kulipitisha `git fsck` (ukaguzi wa uzima wake).