Msimamizi wa mirathi si mwenye nyumba

Hapa Tanzania familia nyingi huamini kwamba mtoto akishateuliwa msimamizi wa mirathi, anaweza kuiweka rehani nyumba ya marehemu baba, akaikarabati kwa mkopo huo, kisha akaiuza kwa bei nzuri. Si rahisi hivyo.

Barua ya mahakama ya kumteua inampa kazi: kukusanya mali, kulipa madeni ya marehemu, kugawa kinachobaki na kurudisha hesabu mahakamani. Hata jina lake likishaandikwa kwa msajili wa hati badala ya la marehemu, linaandikwa pamoja na maelezo kwamba anashikilia nyumba kama msimamizi. Afisa mikopo akiyaona hayo, hatatazama mabati yaliyotoboka kwanza. Atauliza: warithi ni nani, na wamekubali kwa maandishi? Ana haki kuuliza. Mkopo usipolipwa, kinachopigwa mnada ni fungu la mama na wadogo zako pia, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote.

Wengine hudhani deni litamfuata mnunuzi. Mnunuzi makini hufanya upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, na rehani huonekana hapohapo. Benki hulipwa kwanza kutoka kwenye bei, ndipo warithi wagawane.

Kwa hiyo itisheni kikao, pateni makadirio ya fundi ya ukarabati, na bei mbili za mthamini: ya nyumba ilivyo na ya nyumba ikishakarabatiwa. Pengo kati ya bei hizo likiwa dogo kuliko gharama za ukarabati na riba, uzeni hivyohivyo.