Punda wa taka hubeba maji

Asubuhi moja Langoni, mtaa wa mji wa Lamu ambako punda ndiye abebaye taka, nilining'iniza kwenye mizani mfuko wa taka wa nyumba moja, mama mwenye nyumba akiwa amesimama mlangoni. Alikuwa na hakika kwamba umejaa chupa za plastiki, na kwa macho ndivyo ulivyoonekana. Tulipozitoa chupa zote, mshale haukusogea sana. Uzito ulikuwa chini: machicha ya nazi, maganda ya ndizi na maembe, matamvua ya samaki, wali uliochacha. "Kumbe punda abeba maji, mwanangu," akaniambia.

Yaani uzito mwingi wa taka zetu ni maji yaliyomo kwenye mabaki ya chakula. Sijasikia mtaalamu aliyelisema jambo hili vizuri kuliko hapo.

Kazi yangu ni kupima taka za majumbani. Tunakusanya kwa siku 8 mfululizo na taka za siku ya kwanza hatuzihesabu, kwa sababu siku hiyo watu hutoa vilivyolala tangu juma lililopita. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya 2018, ilikadiria kwamba mtu mmoja Afrika kusini mwa Sahara hutoa wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku, na kwamba katika nchi za kipato cha chini zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya chakula na majani. Katika nchi tajiri ni kama theluthi moja.

Tuzilete hesabu hizo kwenye vichochoro vyetu, ambako lori haliingii. Nyumba ya watu 6 hutoa karibu kilo 2.8 kwa siku. Tukiweka kilo 50 kwenye shogi, makapu ya mgongoni mwa punda, punda anajaza mzigo kwa nyumba 18 tu, kisha lazima aende jaani na kurudi. Taka mbichi, yaani zile zinazooza, zikibaki nyumbani au mtaani, punda huyohuyo, kwa safari ileile, atahudumia nyumba zipatazo 40. Hakuna punda mpya aliyenunuliwa wala kijana mpya aliyeajiriwa. Katika miji mingi, fedha nyingi za taka huishia kwenye kukusanya na kusafirisha, kwa hiyo kila kilo inayobaki pale ilipozaliwa ni fedha iliyookolewa.

Miji mikubwa imeyaona haya kwa machungu. Baadhi yake ilinunua malori ya kushindilia yaliyoundwa kwa taka za Ulaya, zilizojaa makaratasi na makopo. Yakapewa taka zilizoshiba maji, zisizoshindilika zaidi, zikawa zinachuruzika barabarani na kuozesha vyuma. Jaa la Dandora kule Nairobi limepokea taka tangu miaka ya 1970, zote zimechanganywa, na mchanganyiko huo ukifukiwa bila hewa hutoa gesi ya methani na maji meusi. Sisi Lamu maji meusi yatutishe zaidi: mji huu hunywa maji ya visima vya matuta ya Shela, na mchanga hauzuii kitu.

Wazee hawakuwa na tatizo hili, na si kwa sababu walikuwa wasafi kutushinda. Ukichimba jaa la kale, kama walivyochimba watafiti kule Shanga na Manda, miji ya kale ya visiwa vyetu, unakuta miba ya samaki, makombe, vigae na majivu. Kilichooza kilirudi ardhini, kilichobaki hakikumdhuru mtu. Jaa letu la leo lina chakula ndani ya plastiki, na hapo vyote viwili vinaharibika. Plastiki iliyopakaa mchuzi haina mnunuzi. Flipflopi, jahazi lililojengwa hapahapa Lamu kwa takriban tani 10 za plastiki na kuzinduliwa 2018, limetuonyesha plastiki inaweza kuwa nini. Lakini kabla ya kuyeyushwa lazima iwe safi na kavu, na kuiosha baada ya kuchanganywa ni kazi kubwa.

Sheria ya Kenya ya 2022 ya usimamizi endelevu wa taka inataka kila mtu atenganishe zinazooza na zisizooza. Naiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, nimewahi kufanya kazi katika mradi uliogawa ndoo za rangi mbili, akina mama wakatenganisha kwa uaminifu, kisha mkokoteni mmoja ukaja ukazimwaga pamoja mbele ya macho yao. Mwezi wa pili ndoo zile zikawa za kutekea maji. Siwalaumu hata kidogo. Mitaa isipewe ndoo kabla haijajulikana nani atachukua kipi, siku gani.

Taka mbichi ziende wapi? Machicha wape kuku. Matumbo ya samaki paka wa mtaa wanayajua. Yaliyobaki yafanywe mboji, na viungo vyake tunavikanyaga kila siku: kinyesi cha punda na makumbi ya nazi. Tafuta pipa kuukuu, litoboe matundu ubavuni na chini. Tandika makumbi yaliyochambuliwa, mwaga ndoo ya jikoni, funika kwa kinyesi kikavu cha punda, kisha makumbi tena. Vikavu viwe kama mara mbili ya vibichi. Miba na matamvua yaliyobaki yazikwe katikati kabisa. Chota konzi moja uikamue: ikiwa na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, ni sawa; ikichuruzika, ongeza makumbi. Pindua kila juma ili hewa iingie.

Mtaa wenye kiwanja ufanye lundo la mita moja kila upande, kwa sababu lundo dogo halipati joto. Likitunzwa vizuri hupita nyuzi 55 za Selsiasi, na likikaa hapo siku kadhaa, huku likipinduliwa hadi sehemu zote zipate joto hilo, vijidudu vingi vya magonjwa hufa. Baada ya miezi mitatu au minne unapata udongo mweusi wenye harufu ya mvua, na mashamba yetu ya mchanga yana kiu nao.

Pampasi ndizo zinazoninyima usingizi. Haziozi, hazinunuliwi, na kuzichoma nyuma ya nyumba ni kuwavutisha moshi watoto walewale waliozivaa. Kwa sasa ziende na taka kavu, zimefungwa vizuri, zifukiwe mbali na visima na mbali na bahari.

Yule mama wa Langoni ameshatoboa pipa lake. Juzi alinitumia ujumbe kwamba linanuka. Nilimuuliza kama ameweka makumbi ya kutosha. Akasema alikuwa ameyamaliza kwa kukokea moto.