Kujiondoa katika makubaliano ya mdomo ambayo hayajatiwa sahihi

Mtu anayefanya kazi za kujitegemea mjini Nakuru, awe mtafsiri, mpiga picha wa harusi au mtengenezaji wa tovuti, mara nyingi huipata kazi kwa simu au kwenye meza ya chai, na karatasi ya mkataba huja baadaye, ikiwa itakuja kabisa. Akibadili nia kabla ya karatasi hiyo kutiwa sahihi, wengine watasema amejiondoa, wengine watasema amevunja mkataba. Kauli hizi mbili hutumiwa kana kwamba zina maana moja, ilhali katika sheria ya Kenya ziko mbali sana, na kinachozitenganisha si sahihi.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inaelekeza kwamba mikataba nchini Kenya ifuate kanuni zilizojengwa na mahakama za Uingereza, isipokuwa pale sheria iliyoandikwa inapoagiza vingine. Kwa kanuni hizo, mkataba huzaliwa pale mmoja anapotoa pendekezo lililo wazi, mwenzake akalikubali jinsi lilivyo, kila upande ukaahidi kutoa kitu, na wote wawili wakakusudia kwamba ahadi hizo ziwafunge. Sura hiyo ya 23 inadai maandishi kwa mambo machache tu, yakiwemo mauzo ya ardhi na dhamana ya deni la mtu mwingine, wala kazi ya kutafsiri kijitabu haimo katika orodha hiyo. Sahihi, basi, ni ushahidi kwamba watu walikubaliana. Kukosekana kwake hakuthibitishi kwamba hawakukubaliana.

Tuseme mtafsiri anayeishi mtaa wa Section 58 amekutana na katibu wa chama cha wakulima cha Molo, wakazungumza juu ya kijitabu cha kilimo cha viazi chenye kurasa 80. Ikiwa walitaja kazi, bei ya shilingi 60,000 na muda wa wiki nne, kisha mtafsiri akajibu, "Sawa, naanza Jumatatu," mkataba umekwisha kufungwa, hata kama katibu aliaga kwa kusema kwamba karatasi ataituma. Lakini ikiwa bei iliachwa "tutaelewana", au mtafsiri alisema angeangalia kwanza ratiba yake, hapo kulikuwa na mazungumzo tu, na kujiondoa ni haki yake bila deni lolote.

Katikati ya hali hizo mbili kuna hali ya tatu, nayo ndiyo huleta ugomvi mwingi. Watu wanaweza kuelewana kwamba hakuna atakayefungwa hadi karatasi itiwe sahihi, na maneno hayo yakisemwa waziwazi huheshimiwa na sheria. Hata hivyo, kinga hiyo huweza kuondolewa na matendo yao wenyewe: mtafsiri akianza kutuma sura za kwanza na chama kikaanza kulipa, ni vigumu kwa yeyote kati yao kudai baadaye kwamba walikuwa bado wanasubiri kalamu. Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya M-Pesa, ndiyo maana Kiswahili kina neno arubuni, yaani fedha zinazotangulizwa ili kuyafunga mapatano. Anayepokea arubuni kisha akasema hakuna mkataba atapata taabu kueleza alipokea fedha za nini.

Pendekezo ambalo halijakubaliwa linaweza kuondolewa wakati wowote, mradi habari ya kuondolewa imfikie mwenzako kabla hajakubali. Katika kesi ya Byrne na Van Tienhoven, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1880, muuzaji wa Cardiff aliandika barua tarehe 1 Oktoba akipendekeza kuuza masanduku 1,000 ya bati kwa mnunuzi wa New York, na tarehe 8 akaandika nyingine ya kuliondoa pendekezo hilo. Mnunuzi alikubali kwa telegramu tarehe 11, na barua ya pili ikamfikia tarehe 20. Mahakama iliamua kwamba mkataba ulikuwa umefungwa. Ujumbe wa WhatsApp uliobaki na tiki moja hauna nguvu kuliko barua ile iliyokuwa bado baharini.

Ikiwa mkataba ulikuwapo, kuuacha ni kuuvunja, ingawa matokeo yake hayatishi jinsi wengi wanavyodhani. Mahakama haitamlazimisha mtafsiri kuketi na kutafsiri. Kitakachodaiwa ni fidia ya hasara halisi: ikiwa chama kilimpata mtafsiri mwingine kwa shilingi 75,000, hasara ni zile 15,000 zilizozidi, na chama nacho kina wajibu wa kutafuta mbadala kwa bei ya kawaida badala ya kukaa kikihesabu madhara. Arubuni itarudishwa, lakini kurasa ambazo chama kilizipokea na kuzitumia, ilhali kingeweza kuzikataa, zinastahili malipo yake. Madai ya kiasi hiki huenda katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60.

Wengi hutaja hapa notisi ya siku 28. Hiyo inatoka katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 na inamhusu mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi. Anayejitegemea hana notisi ila ile waliyokubaliana.

Anayetaka kujiondoa na ajitoe mapema na kwa maandishi, maana hasara ya mwenzake hukua kila siku anapoendelea kumtegemea. Ujumbe mfupi unatosha: utaje mazungumzo ya siku fulani, useme kwamba hutaendelea na kazi, ueleze ni kurasa zipi zimekamilika, na utaje siku ya kurudisha fedha zilizotangulizwa. Kuahirisha simu za katibu kwa wiki mbili, halafu kuzima simu, hakumwondoi mtu katika mkataba. Humwongezea tu mwenzake shilingi za kudai.