Ukifika Pune panda kwanza Bedse, Ajanta itakusubiri

Kila mwaka napata meseji za watu wanaokwenda India, huyu anampeleka mzazi hospitali Mumbai, yule anaanza chuo Pune, na swali ni lilelile, nikipata siku moja ya kutembea niende wapi. Mimi nilisoma akiolojia hukohuko Pune na Jumamosi zangu nyingi niliziishia kwenye mapango ya Wabuddha, kwahiyo jibu langu halibadilikagi. Ajanta, yale mapango maarufu ambayo kila mtu anayataja, ni nzuri mno lakini ni mbali na watu ni wengi. Anza na Bedse, Bhaja na Karla, yote yako kwenye milima ya katikati ya Mumbai na Pune, yana kama miaka 2000 hivi, na Bedse unaweza ukakaa asubuhi nzima peke yako.

Kwanza, neno "pango" linapotosha. Hapo hapakuwa na pango, palikuwa na mwamba wa basalti, mweusi na mgumu, watu wakauchonga kwa nyundo na patasi mpaka ukawa ukumbi wenye nguzo, na pembeni vyumba vya watawa na vitanda vyao vya mawe. Walianza na dari wakawa wanashuka kidogokidogo mpaka sakafuni, kwahiyo hawakuwa na haja ya majukwaa ya kupandia, ila fundi akikosea ndio basi, jiwe likishatoka halirudi. Ukitaka kuiona kazi ikiwa bado njiani nenda Kanheri, ndani ya mbuga ya Sanjay Gandhi hapohapo Mumbai, pango namba 1 liliachwa halijaisha.

Sasa ukiingia ukumbi wa Bhaja angalia juu. Utaona umbo la paa la mbao kabisa, limepinda kama tumbo la jahazi lililogeuzwa, na nguzo zimeinama kidogo kuelekea ndani kama zinazuia paa lisisukume kuta. Mwamba hausukumi kitu! Zile nguzo hazibebi chochote, mafundi waliiga jengo la mbao walilolizoea, pamoja na mwinamo wake. Majengo yenyewe ya mbao yalishaoza zamani, kwahiyo haya mapango ndio kumbukumbu yake. Karla ndio inaniacha hoi kila nikienda, ukumbi una urefu wa mita 45 na kwenda juu kama mita 14, na makenchi ya mtiki yaliyowekwa dari likiwa jipya bado yapo juu pale mpaka leo. Na usitafute sanamu ya Buddha ndani, enzi hizo alama yake ilikuwa stupa, lile kuba la jiwe mwisho wa ukumbi. Sanamu zake za mlangoni Karla ziliongezwa baadaye.

Watu hudhani watawa walikimbilia milimani kujificha. Hapana, haya mapango yako kwenye njia ya biashara, ile ya kutoka bandari za Sopara na Kalyan kupandisha bara, misafara ililazimika kupita hapo. Na hela ilitoka kwa hao wapita njia, Karla maandishi yapo ukutani na kwenye nguzo, tajiri mmoja wa kukopesha fedha anajisifu kumaliza jumba bora kuliko yote, kuna muuza manukato, kuna seremala aliyetengeneza mlango, kuna hadi Wayavana, jina walilokuwa wanaitwa Wagiriki, kila mmoja na nguzo yake. Sopara na Kalyan zimetajwa kwenye Periplus, kile kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza ambacho kinaitaja pia Rhapta ya pwani yetu. Bahari ni ileile, na mimi ndio maana nilianza kuyapenda.

Kanheri usiende mbio. Ni zaidi ya mapango 100 kwenye kilima kimoja, wengi wanapiga picha pango namba 3 wanarudi. Wewe fuata maji. Mifereji imechongwa kwenye mwamba kushusha mvua mpaka kwenye mabirika, karibu kila pango lina la kwake, mtu wa Lamu ataelewa haraka, ni hesabu ileile ya birika la msikitini, mvua ya miezi minne uitunze mwaka mzima.

Usafiri ni rahisi, treni ya lokal ya Pune kwenda Lonavala, unashuka Malavli, Bhaja unafika kwa mguu na Karla ni upande wa pili, chukua bajaji. Karla mlangoni pana hekalu la Ekvira, mungu wa wavuvi Wakoli, wanakuja kwa wingi, vaa kwa heshima na upishe wanaosali. Julai na Agosti ngazi zinateleza vibaya, Novemba mpaka Februari ndio kwenyewe. Bedse ishukie Kamshet na uwahi, maana inatazama mashariki, jua likichomoza linapita kati ya zile nguzo ndefu zenye sanamu za watu waliopanda farasi na tembo, linaingia mpaka kwenye stupa, na baada ya saa nne hivi ukumbi unarudi gizani.