"Maziwa hayatoshi": maswali ya mama anayenyonyesha

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 64 katika kila 100 wenye umri wa chini ya miezi 6 walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Wengine walishaonjeshwa maji, uji mwepesi au maziwa ya ng'ombe. Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya watoto ukauliza kwa nini, jibu linalojirudia ni "maziwa hayatoshi". Mama anayesema hivyo hasingizii. Mtoto analia, titi limelegea, na nyumba nzima inamtazama yeye. Ila mara nyingi maziwa yapo, na kinachokosekana ni mtu wa kumweleza yanavyofanya kazi.

Nimejifungua jana. Nikikamua naona matone ya njano tu. Mtoto atashiba kweli?

Atashiba. Matone hayo ni dang'a, na tumbo la mtoto wa siku moja ni dogo kiasi kwamba mnyonyo mmoja hauzidi sana kijiko cha chai. Dang'a imejaa kingamwili na vitamini A, na humsaidia mtoto kutoa kile choo cha kwanza cheusi kinachonata. Kuikamua na kuimwaga kwa kudhani ni uchafu ni kumnyima mtoto kinga yake ya kwanza.

Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya 2 na ya 4. Kwa aliyejifungua kwa upasuaji, au kwa uzazi wa kwanza, yanaweza kuchelewa kidogo. Mweke mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, aanze kunyonya ndani ya saa 1 tangu azaliwe, kisha anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Maji ya sukari au glukosi katika siku hizi huharibu mambo: mtoto hulala akiwa amejaa maji, hanyonyi, na titi lisilonyonywa hupunguza kutengeneza maziwa.

Msitishwe na mizani siku hizo. Karibu kila mtoto hupungua kidogo baada ya kuzaliwa. Akipungua zaidi ya asilimia 10, au akifikisha wiki 2 bila kuurudia uzito aliozaliwa nao, hapo aonwe.

Nitajuaje kama anashiba, maana analia sana?

Tazama mkojo na mizani kabla ya kusikiliza kilio. Kuanzia siku ya 5, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hukojoa mara 6 au zaidi kwa saa 24, na mkojo wake hauna rangi kali wala harufu nzito. Kliniki, mstari wa uzito kwenye kadi yake unapanda. Haya mawili yakiwepo, maziwa yanatosha, hata kama jioni nzima amelia.

Kilio kina sababu nyingi: joto, nepi iliyolowa, usingizi, kutaka kubebwa tu. Watoto wengi hulia zaidi jioni, na kilio hicho huongezeka hadi karibu wiki ya 6 kisha hupungua. Huu ndio wakati ambao bibi husema ni chango, dawa ikachemshwa. Zipo pia siku ambazo mtoto hunyonya mfululizo kana kwamba hashibi. Mruhusu. Kadiri titi linavyonyonywa na kubaki tupu ndivyo linavyotengeneza zaidi. Likikaa limejaa, linapunguza. Kwa hiyo kikombe cha uji anachopewa "kumsaidia mama" ndicho kinachoyapunguza maziwa wiki inayofuata, na mama akaamini kwamba kweli hana.

Na titi kuwa laini baada ya wiki chache si kukauka. Limeshazoea kutengeneza kiasi anachohitaji mtoto. Wala usijipime kwa kukamua, kwa sababu mtoto anayenyonya vizuri hutoa maziwa mengi kuliko mkono.

Kama mama mkwe au wifi ndiye anayesisitiza uji, mwombe mfuatane kliniki. Anampenda mtoto huyo, na maneno ya muuguzi aliyoyasikia mwenyewe atayabeba nyumbani vizuri kuliko utakavyoyabeba wewe.

Dar es Salaam kuna joto kali. Hata maji kidogo asinywe?

Asinywe mpaka atimize miezi 6. Karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Siku ya joto mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na maji unywe wewe.

Chuchu zimechanika, kila akishika natamani kulia. Nipumzike siku chache?

Usipumzike, badilisha anavyoshika titi. Maumivu haya ndiyo huwafanya akina mama wengi waache, na mara nyingi chanzo chake ni mtoto kushika ncha ya chuchu peke yake. Mpakate tumbo lake likiwa limeelekea tumbo lako, kichwa na mwili vikiwa vimenyooka, pua mkabala na chuchu. Gusa mdomo wake kwa chuchu, usubiri aachame sana, kisha mlete yeye kwenye titi badala ya kuinama na kumpelekea titi. Akishika vizuri, kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umebinukia nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi upande wa juu kuliko wa chini. Utamsikia akimeza, na maumivu yatapungua. Kama bado yanachoma, ingiza kidole safi pembeni mwa mdomo wake umtoe, uanze upya, hata mara tano. Paka tone la maziwa yako kwenye mchubuko, uache ukauke.

Titi likivimba, likawa jekundu na homa ikapanda, nenda kituo cha afya, lakini endelea kunyonyesha titi hilo. Maziwa kutuama ndani huzidisha uvimbe.

Mtori, supu ya pweza na uji wa pilipili manga vinaongeza maziwa?

Vinamlisha na kumpa nguvu mama aliyetoka kujifungua, na hilo ni jambo kubwa. Ila kinachoongeza maziwa ni mtoto kunyonya. Mama asiye na uwezo wa kupata supu kila siku asijione ameshindwa. Ugali, maharage, mchicha na dagaa vinatosha, mradi ale zaidi ya alivyokuwa akila na apunguziwe kazi.

Likizo inaisha. Nitafanyaje na miezi 6 haijafika?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 kwa waliozaliwa zaidi ya mmoja. Siku 84 hazifiki hata miezi 3, na naona si haki pengo lote hilo kumwachia mama peke yake. Lakini sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Wengi hawajui, basi mwambie na mwenzako.

Anza kukamua wiki mbili kabla ya kurudi. Nawa mikono, tumia chombo chenye mdomo mpana kilichochemshwa, weka kidole gumba juu na vidole vingine chini, nyuma ya ile sehemu nyeusi, sukuma kuelekea kifuani kisha bana. Nje ya friji maziwa yasizidi saa 4, na kwenye joto la pwani yatumike mapema zaidi. Kwenye friji hukaa siku 4. Yapashwe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, na mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, maana chupa ni ngumu kuisafisha.

Wazee wanasema nikikutana na mume wangu kabla ya kumwachisha, mtoto atabemendwa.

Manii hayaingii kwenye maziwa. Mtoto anayesemwa amebemendwa, aliyekonda na kulegea miguu, mara nyingi ana utapiamlo, kuhara kusikoisha, kifua kikuu au VVU, na yote yana matibabu. Kinachoniumiza ni mama kumficha mtoto huyo ndani kwa kuogopa kusemwa, hadi anafikishwa hospitali amechelewa.

Walichokilinda wazee kina maana: mimba nyingine isije mapema. Ukinyonyesha maziwa pekee usiku na mchana, mtoto hajatimiza miezi 6 na hedhi haijarudi, kinga dhidi ya mimba inafikia asilimia 98. Sharti moja likivunjika, tafuta njia nyingine kliniki: sindano, kipandikizi, kitanzi au vidonge vya uzazi wa mpango vinavyomfaa anayenyonyesha.

Mume naye ajue kwamba akitoka nje kipindi hiki na kumletea mkewe VVU, maambukizi mapya huongeza sana hatari ya virusi kupita kwenye maziwa. Mama anayeishi na VVU na kumeza dawa zake kila siku ananyonyesha, maziwa pekee kwa miezi 6, bila kuchanganya na chochote isipokuwa dawa alizoandikiwa mtoto.

Ni lini kweli maziwa huwa machache?

Hutokea, ingawa si kwa wengi: mama aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, aliyebakiwa na kipande cha kondo, aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa matiti. Uzito usiopanda ukithibitishwa kliniki, mtoto aongezewe maziwa kwa maelekezo ya mtaalamu, na mama asibebeshwe lawama.

Bali mtoto mchanga aliyeacha kunyonya, mwenye degedege, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika au kifua kikibonyea, mwenye mwili wa moto au wa baridi isiyo ya kawaida, au aliyegeuka manjano hadi kwenye nyayo, huyo hasubiri siku ya kliniki. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, akiwa amefungwa kifuani kwa mama yake.